Geji ya Mutua na Tangi la Maji la Malaba

Tangu nirudi Nakuru sijapata kula chakula cha mchana kwa amani. Kila anayepita gereji anataka kujua kama ni kweli niliua geji ya bosi, kama ni kweli nilifika kazini nikinuka pombe, na kama ni kweli nilipima presha ya petroli kwa kutumia tangi la reli. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache nile. Hayo matatu ni kweli. Yale mengine mliyoyaongeza wenyewe sina jibu lake.

Simu ya maandishi aliyoipata bosi wetu, Mzee Karanja, mliiona wote. Ilisema gari la kompyuta limekufa Busia, leteni fundi. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyepelekwa Nairobi kusomea magari ya namna hiyo siku tatu, mkanisukuma mbele huku mkicheka. Hamkujua kwamba siku ya pili niliumwa jino nikashinda kitandani. Kwa hiyo mlimtuma Busia mtu mwenye elimu ya kompyuta ya siku mbili, na mtu huyo akajibu kwamba hakuna shida.

Nakuru hadi Bumala

Safari ya kwenda Kisumu ilikuwa basi na vumbi, sina la kusimulia. Mapajani nilibeba geji mpya ya bosi, ile ya kupimia presha ya petroli, nimeiviringisha ndani ya fulana. Mzee Karanja alinikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia kwamba ikirudi na mkwaruzo, nibaki huko huko nilikokwaruzia.

Bumala basi likapata pancha. Abiria wakatawanyika kutafuta chakula, nami nikala samaki wa kukaanga kwa ugali, kisha nikaenda kusimama pale tairi lilipokuwa likitengenezwa. Fundi wa tairi, jamaa mmoja jina lake Odhiambo, alikuwa akijaza upepo. Akaona fulana yangu imefura.

"Boss, unabeba nini hivyo kama mtoto?"

Hapo ningesema ni chupa ya chai, mambo yakaisha. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na kati yao dada mmoja muuza ndizi aliyekuwa na kicheko kizuri, na mimi nilitaka kukisikia tena. Nikaifungua fulana, nikaeleza kwamba hii ni geji ya magari ya kompyuta, inapima sawasawa kabisa, hata unywele haiupotezi.

"Sasa pima hii tairi tuone," Odhiambo akasema.

Nilijua geji ile inaishia paundi sitini. Nilijua pia kwamba tairi la basi hupita hapo mbali. Nikaiunganisha. Mshale ukapanda, ukafika mwisho, ukaruka kipini cha kuuzuia, ukalala upande wa pili na haukuamka tena.

"Imesema ngapi?" akauliza Odhiambo.

"Imesema inatosha."

Yule dada alicheka, nakiri, na kilikuwa kicheko kizuri kweli. Nilikisikia masikioni mpaka Busia, na kila nikikisikia nilikuwa nikiigusa geji iliyokufa na kujisikia mjinga.

Busia mjini

Nilifika jioni ya Jumatano. Mwenye gari alikuwa Mzee Swaleh, muuza vitambaa, aliyelinunua kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Nikakuta duka limefungwa. Hoteli ya jirani ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Mama Asha, nikaingia nikaagiza pilau na kuuliza gari liko wapi.

"Gari iko Malaba."

"Simu ilisema Busia, mama."

"Na Malaba si Busia? DC ni mmoja." Akanitazama kama mtu aliyekosa kwenda shule. "Walienda kusalimia dada ya bibi yake, gari ikakataa kurudi. Na wewe ungekuja juzi. Hiyo gari ni ya kesho kutwa."

Nikauliza kesho kutwa kuna nini. Ndipo akakaa akanieleza. Mke wa Mzee Swaleh, Bi. Mwanajuma, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na kivuli tu. Daktari wa macho hupita Kakamega mara moja kwa mwaka, na zamu ya mama huyo ya kupasuliwa ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mwaka uliopita walikwenda kwa basi, basi likapinduka karibu na mto, hakufa mtu, lakini mama wa watu alitolewa dirishani akiwa haoni anatolewa na nani. Siku hiyo akaapa hatapanda tena gari la abiria. Mzee Swaleh akatoa akiba yake yote kununua gari, kwa ajili ya safari hiyo moja.

"Asipofika Ijumaa angoje mwaka ingine," Mama Asha akasema. "Na mwaka ingine nani anajua."

Nikaingiwa na hofu ya kweli. Nilimaliza sahani ya pili, msinisingizie, lakini sikuisikia ladha yake.

Busia hadi Malaba kwa njia ya mkato

Alhamisi alfajiri nikakodi baiskeli, zile za kuvusha watu mpakani, zenye kiti cha nyuma kilichoshonewa sponji. Mwenye baiskeli, Ouma, alikuwa na mapaja ya mchezaji mpira na maneno mengi kuliko pumzi. Barabara kuu, alisema, imejaa malori na mashimo. Yeye ana njia ya mkato kupitia Chakol.

Ile njia ilikuwa ya mkato kwa Ouma, maana ilipita kwa mjomba wake. Tulimkuta mjomba na wazee watano wamekaa duara kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, ile wanayoiita ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Ouma akasema tusalimie tu. Nikapewa kigoda, kisha mrija. Nikasema nina haraka, kuna mgonjwa. Ouma akaninong'oneza kwamba kwa Wateso maji ya moto yakishaongezwa chunguni, mgeni hawezi kuinuka mpaka yapoe, ni matusi kwa mwenye nyumba.

Nikakaa. Maji yakapoa, mama mwenye nyumba akaongeza mengine, nikakaa tena. Mara nne. Wazee walikuwa wakarimu, mmoja akanieleza habari za ng'ombe wake wote kwa majina. Jua lilipofika katikati nikamuuliza mjomba kwa heshima kama sasa naruhusiwa kuondoka.

"Kwani nani alikushika?" akauliza mjomba.

Nilimgeukia Ouma. Ouma alikuwa ameshafika kwenye baiskeli, anaipangusa vumbi kwa bidii nyingi. Kutoka hapo hadi Malaba sikumsemesha, na yeye akaimba njia nzima.

Malaba, gari lisilotaka

Kama hamjafika Malaba, ni malori yaliyopangwa foleni yakingoja makaratasi ya forodha, na kando yake stesheni ya reli, na kati yake watu wanaouziana chumvi, sabuni na kahawa bila kuulizana imetoka upande gani. Nyumba ya dada wa Bi. Mwanajuma ilikuwa nyuma ya stesheni. Gari lilikuwa uani, na Bi. Mwanajuma amekaa kwenye mkeka kando yake, mkono mmoja ameuweka juu ya bampa. Mzee Swaleh alinipokea kwa salamu ndefu na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Wewe ndiye wa kompyuta?" Bi. Mwanajuma akauliza bila kugeuka.

"Ndiye, mama."

"Unanuka pombe."

"Ni dawa ya kuoshea mikono, mama."

"Umeosha mpaka mdomo."

Nikaanza kazi haraka. Kwa ninyi ambao bado mnaitetea kabureta, niwaeleze kidogo. Katika gari hili kuna sanduku la bati lililofichwa chini ya kiti, ndiyo kompyuta yenyewe. Hilo hupata habari za hewa inayoingia kwenye injini, kisha hufungua vibomba vya petroli kwa kitambo kidogo sana. Lenyewe halipimi petroli. Linaamini tu kwamba nyuma ya vibomba petroli imesimama kwa presha iliyoandikwa kitabuni, paundi ishirini na nane. Presha ikipungua, kompyuta haijui. Inaendelea kufungua vile vile, injini inapata nusu ya chakula chake, inakohoa, inazimika mlimani. Ndivyo gari hili lilivyokuwa likifanya. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima. Na geji ilikuwa imekufa Bumala kwa ajili ya kicheko.

Nikaenda kwenye malori kuomba. Dereva mmoja Mkamba, Mutua, mtu mkubwa mwenye kofia ya sufu katika jua lile, akasema hana neno, akafungua geji yake ya presha ya oili akanipa.

"Hiyo haijawahi kuniangusha, boss. Miaka sita."

Nikaikagua. Haijaunganishwa, mshale umekaa kwenye sifuri, sawasawa. Nikaifunga kwenye mpira wa petroli, nikawasha pampu. Mshale ukapanda polepole ukasimama ishirini na nane, kana kwamba umesoma kitabu changu.

Nikapima mara tatu. Ishirini na nane zote. Basi petroli haina kosa, na kama petroli haina kosa, iliyokufa ni kompyuta, na kompyuta hutoka Ulaya kwa meli. Nikamwambia Mzee Swaleh hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma siku tatu. Bi. Mwanajuma aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Mkononi alikuwa na kijikapu cha nguo za hospitali, kimeshafungwa kwa kamba. Akaingia nacho ndani na kuurudisha mlango taratibu.

Nimefanya kazi gereji miaka kumi na mbili na sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Hoteli ya madereva

Nikaenda kurudisha geji. Mutua alikuwa hotelini na wenzake watatu, wanakula matoke na matumbo, akanisogezea sahani. Wenzake walikuwa wakimcheka tajiri mmoja wa malori aliyekuja wiki hiyo kukagua magari yake. Alizunguka lori baada ya lori akichungulia geji za oili, zote zikamfurahisha, akarudi kwake akiwa ameridhika kabisa.

"Lori tisa," mmoja akasema, "na zote zinasoma arobaini na tano. Hata ile inakunywa oili kama ng'ombe."

Kijiko changu kikasimama.

"Zote zinasomaje sawa?" nikauliza.

Wakaangaliana. Mutua akamaliza kutafuna, hana haraka wala aibu.

"Tajiri anasema ikishuka chini ya thelathini, simamisha lori, mpaka yeye akuje. Sasa ukisimama Sachang'wan siku tatu na mzigo ya watu, utakula nini? Kwa hivyo tunaisaidia kidogo. Ndani kuna kamkono. Ukikavuta, sifuri inabaki sifuri, lakini ikipanda, inapanda na furaha."

"Na hii yako?"

"Hiyo nilisaidia mwenyewe," akasema kwa fahari. "Hapa Malaba utatafuta ingine, zote zimesaidiwa."

Mlisikie hilo, ninyi mnaoapa kwa geji zenu. Nilikuwa nimemfungia mama wa watu mlango wa Kakamega kwa ushahidi wa kifaa kilichofundishwa kusema uongo, tena uongo wa kuridhisha tajiri. Nilitaka kumkasirikia Mutua, lakini matoke yalikuwa yake. Nikamuuliza tu anakumbuka alikivuta kile kimkono kiasi gani. Akasema alikivuta mpaka roho yake ikatulia.

Tangi

Nilitoka nje na geji yake bado mkononi, nikasimama barabarani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Katika mji mzima wa mpakani sikuwa na kipimo kimoja cha kuamini. Ndipo garimoshi la mizigo likaingia stesheni, likajipanga chini ya tangi kunywa maji, nami nikalitazama lile tangi lilivyokaa juu ya miguu yake ya chuma. Siku ya kwanza Nairobi, kabla ya jino, mwalimu alituambia kwamba kila futi mbili na robo na kidogo za maji yaliyosimama hukandamiza kwa paundi moja. Hilo la uzito wa maji hakuna dereva awezaye kulisaidia.

Mlinzi wa tangi alikuwa mzee wa Kiteso, Papa Ekisa, mwenye kaptura ya reli iliyopigwa pasi vizuri kuliko sare ya polisi.

"Unataka maji?"

"Hapana, Papa. Nataka kuyapima."

"Yamepimwa. Yako nusu."

Nikamweleza. Akanisikiliza akiwa ameshika funguo nyuma ya mgongo, kisha akasema watu wengi wamekuja kuiba maji ya serikali, lakini huyu ni wa kwanza kuja kuiba uzito wake. Nikamtajia Bi. Mwanajuma na daktari wa kesho. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Lakini akaenda chumbani kwake akarudi na kamba, akapanda ngazi mwenyewe kwa miguu yake ya miaka sitini, akaishusha kamba kutoka usawa wa maji mpaka kwenye bomba nililokuwa nimeshika. Tukaipima kwa futi ya seremala. Futi thelathini na mbili. Paundi kumi na nne, hazipungui.

Nikaunganisha geji ya Mutua kwenye bomba, nikafungua. Mshale ukapanda na furaha yake yote mpaka ishirini.

Nikarudia. Ishirini. Papa Ekisa akachungulia juu ya bega langu.

"Hiyo saa yako inatukana tangi," akasema.

Nilimkumbatia, naye akanisukuma, maana yuko kazini. Kumi na nne inasoma ishirini. Basi ile ishirini na nane yangu tukufu ilikuwa haifiki hata ishirini. Kompyuta ilikuwa nzima. Ilikuwa ikiamini, maskini, vile vile nilivyoamini mimi.

Nikakimbia mpaka uani. Karibu na injini kuna kidhibiti kidogo cha presha chenye skrubu na nati. Nati ilikuwa imelegezwa na barabara za mawe. Hesabu ilikuwa rahisi: ili nipate ishirini na nane ya kweli, mshale wa Mutua lazima useme arobaini. Nikakaza skrubu taratibu mpaka arobaini, nikafunga nati, nikamwomba Mzee Swaleh awashe. Injini ikaitika mara ya kwanza na kutulia, sauti nyororo. Mzee Swaleh alikaa nyuma ya usukani na machozi yakamtoka bila kujificha.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bi. Mwanajuma alikuwa amesimama na kijikapu chake.

Malaba hadi Kakamega, na kurudi

Tuliondoka Ijumaa kabla ya jua. Mzee hakukubali niwaache. Alisema fundi aliyelifufua gari ndiye aliendeshe, likifa tena lifie mikononi mwangu. Yeye akakaa mbele, mkewe nyuma. Baada ya Bumala, pale kwenye miwa, mama akauliza:

"Fundi, hii vumbi haijaharibu weupe wa gari?"

Nikafungua mdomo kusema weupe upi. Gari lile lilikuwa kijani, kijani iliyoiva, kuanzia boneti mpaka mkiani. Mkono wa Mzee Swaleh ukatua juu ya goti langu na kulibana. Kisha akaniinamia kama anayetazama saa ya petroli, akanong'ona kwamba basi lililopinduka lilikuwa la kijani, na mama alipoambiwa hivyo alisema rangi hiyo hatapanda tena maishani. Na gari la kuuzwa lilikuwepo hilo moja tu. Busia nzima ilijua, pamoja na Mama Asha.

Nilikuwa nimewatukana madereva wote wa Malaba tangu jana.

"Kidogo tu, mama," nikasema. "Bado linang'aa."

Tulifika mapema. Akapasuliwa jicho la kwanza siku ile, la pili baada ya siku chache, na mimi na Mzee tukalala kwa mpwa wake, tukila kuku na kubishana mpira. Asubuhi ya kufunguliwa bandeji mimi na Mzee tulimngoja uani mwa hospitali. Alitoka ameshikwa mkono na muuguzi, miwani mizito usoni. Alimtazama mumewe kwanza, kwa muda mrefu, akagusa ndevu zake, akasema kumbe zimeota mvi zote. Mzee alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mimi nilitazama kando.

Kisha akaliona gari.

Akalizunguka lote. Akapitisha kidole kwenye mlango, akakitazama kidole. Akaja akasimama mbele yangu.

"Fundi, wewe unajua kupima vitu. Hii ni rangi gani?"

Nilimtazama Mzee Swaleh. Mzee Swaleh alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kijani, mama."

"Haya," akasema. Akafungua mlango wa mbele, akakaa pale alipokuwa akikaa mumewe, akajipanga vizuri na kijikapu chake mapajani. Mzee akaingia nyuma. Na kutoka Kakamega mpaka Busia mama yule aliuliza kila kitu kilichopita dirishani, yule ng'ombe, ile shuka, lile paa la bati, hiyo ni rangi gani, na Mzee Swaleh akamjibu kutoka kiti cha nyuma, kimoja kimoja, ukweli mtupu, mpaka mlangoni kwao.